Mashine ya Chipsi ya Gesi: Mambo ya Kutazama Kabla ya Kulipa

Katika majuma ya karibuni safu hii imepokea barua kadhaa zenye swali moja. Ya mwisho imetoka kwa mama mmoja aishiye katika makazi ya askari polisi hapa Kampala. Mumewe amekubaliwa mkopo na chama chao cha akiba, nao wameafikiana kufungua biashara ya chipsi karibu na lango la kambi. Dukani ameonyeshwa mashine mbili za gesi ambazo bei zake zinakaribiana. Moja inang'aa kama kioo na ina masufuria mawili. Ya pili ni ndogo, ina sufuria moja, wala haivutii macho. Achague ipi?

Kwa kuwa jambo hili linawahusu wengi, wa Mbuya na Makindye, wa Naguru na Bombo, nitalijibu kwa urefu. Lakini jibu lenyewe ni fupi: achague ile inayoweza kujifungia gesi yenyewe wakati mpishi hatazami. Ikiwa mashine ile kubwa inaweza, basi ni nzuri. Ikiwa haiwezi, hata akipewa bure asiiingize mahali wanapolala watoto.

Si ajabu kwamba watu wengi wanaiacha sigiri. Makaa yamekuwa ghali, na tangu amri ya Rais ya mwezi Mei 2023 iliyopiga marufuku biashara ya makaa kutoka maeneo ya kaskazini, mwenye kukaanga mihogo, gonja au sambusa kwa ajili ya kuuza amelazimika kufikiri upya. Gesi ni safi, huwaka mara moja, wala haitegemei umeme. Hata hivyo, sigiri ina tabia moja ambayo wengi hawaitambui mpaka wameikosa: makaa yakiachwa bila kuongezwa, moto hufifia wenyewe. Gesi haifanyi hivyo. Mtungi wa kilo 13 hautachoka kabla mafuta yako hayajawaka.

Tutazame mafuta yenyewe. Chipsi hukaangwa vyema mafuta yakiwa na joto la nyuzi 170 hadi 180 za sentigredi. Maji huchemka hapa Kampala kwenye nyuzi 96 hivi, kwa sababu mji wetu umeinuka kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na yakishachemka hayapandi tena hata ukiyachochea moto namna gani. Mafuta hayana kiasi cha namna hiyo. Yataendelea kupanda maadamu moto upo. Yakifika nyuzi 220 au 230 huanza kutoa moshi, na yale yaliyokwisha kutumika mara nyingi hutoa moshi mapema zaidi. Yakipita kiasi cha nyuzi 340 huwaka yenyewe, bila ya cheche wala kibiriti.

Nimepiga hesabu kwa mashine ya lita 8 yenye moto wa kilowati 6, nikikadiria kwamba nusu tu ya joto hilo huingia katika mafuta. Kutoka nyuzi 180 hadi kuwaka kwenyewe, iwapo moto haukupunguzwa, ni kiasi cha robo saa, pengine dakika ishirini. Huo ni muda wa kwenda kununua mifuko ya kufungia na kusimama kidogo kuzungumza na jirani. Mpishi hahitaji kuwa mzembe ili nyumba iungue. Yatosha awe na shughuli kama walivyo akina mama wote.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kutafuta ni thamostati, yaani kifaa kinachopima joto la mafuta na kupunguza au kuzima moto mara joto lililowekwa linapofikiwa. Mashine nyingi za bei nafuu hazina. Zina kitasa tu cha kuongeza na kupunguza gesi, kama jiko la nyumbani, na muuzaji hukionyesha kitasa hicho akasema, "Hii hapa ndiyo ya joto." Tofauti ni rahisi kuitambua. Kitasa cha thamostati kimeandikwa nyuzi, tuseme 120, 150, 180, na ndani ya sufuria mna kijiti cha chuma kilichozama katika mafuta, kikiwa kimeunganishwa na kitasa kwa waya mwembamba wa shaba. Usipokiona kijiti hicho, hakuna kinachopima chochote.

Thamostati nayo ni chombo, na chombo huharibika. Ndiyo sababu mashine njema huwa na kikomo cha pili kilicho mbali na thamostati, chenye kijiti chake, kinachokata gesi yote joto likifika nyuzi 230 hivi. Kikishakata hakijirudishi, hapana budi mtu abonyeze kitufe kwa mkono wake. Wapo mafundi wanaokiondoa kikomo hiki kwa sababu "kinasumbua, kinazima ovyo." Kikizima ovyo kinakuambia kwamba thamostati yako imekufa. Mwambie fundi atengeneze thamostati, asimnyamazishe shahidi.

Kitu cha pili ni kinga ya mwali kuzimika. Upepo ukivuma kutoka barabarani, au mafuta yakifurika, moto huweza kuzimika huku gesi ikiendelea kutoka. Katika mashine yenye kinga, kijiti kidogo kimekaa ndani ya mwali wa kuwashia. Joto la mwali hukifanya kitoe umeme mchache sana, na umeme huo ndio unaoshikilia vali ya gesi isijifunge. Mwali ukizimika, kijiti hupoa, umeme hukatika, na vali hujifunga ndani ya dakika moja. Hakuna betri wala soketi.

Jaribio lake laweza kufanywa pale pale dukani. Mwambie muuzaji awashe, aache moto kwa dakika tano, kisha afunge mtungi ili moto ufe, asiguse kitasa cha mashine. Sikiliza. Kabla ya dakika kupita utasikia mlio mdogo wa vali ikijifunga. Sasa afungue mtungi tena: gesi isitoke kwenye vichomeo hata kidogo, ingawa kitasa bado kimefunguliwa. Ikitoka, mashine hiyo haina kinga. Askari hakubali kupokea bunduki ambayo kizuizi chake cha usalama hakikujaribiwa mbele yake, na mkewe asione haya kuwa na desturi hiyo hiyo. Na thamostati ijaribiwe vilevile, kwa mafuta na kipimajoto. Muuzaji akilalamika kwamba atapoteza mafuta, mwambie utakuja na yako.

Kwa wanaonunua mashine zilizotumika zitokazo Ulaya au kupitia Dubai, lipo jambo lingine linalowaponyoka hata mafundi. Huko kwao majiko mengi ya hoteli hutumia gesi asilia inayopita katika mabomba chini ya ardhi. Sisi Kampala hatuna mabomba hayo. Tunatumia gesi ya mtungi, ambayo ina nguvu zaidi kwa ujazo ule ule. Mashine ya gesi asilia ina matundu makubwa ya kupitishia gesi. Ukiiunganisha na mtungi bila kubadili matundu hayo, itatoa miali mirefu ya manjano yenye masizi, mara nyingine ikaruka nje ya mashine. Tafuta kibati cha maelezo nyuma au chini. Kikiandikwa G30 au G31, hiyo ni ya gesi ya mtungi. Kikiandikwa G20 peke yake, ni ya gesi asilia, na hapana budi fundi ajuaye abadilishe matundu, aweke na regyuleta ya nguvu inayostahili. Mashine isiyo na kibati chochote iache hapo hapo. Mwali mzuri ni wa buluu, mfupi na mtulivu.

Mtu ataniuliza, na mafundi wa Katwe je? Nawaheshimu sana. Katika mitaa ile hukatwa na kuunganishwa kila kitu, kuanzia sufuria za shule hadi majiko ya hoteli, na bati lao mara nyingi ni nene kuliko la mashine zinazong'aa madukani. Ushauri wangu ni kwamba sanduku, sufuria, vikapu na miguu vyaweza kuundwa Katwe, tena kwa kipimo unachotaka mwenyewe. Lakini vali, thamostati na kikomo vinunuliwe vipya, vya kiwandani, na fundi avifunge tu. Fundi akikuambia kwamba ataunda vali mwenyewe, mshukuru kwa ukarimu wake uende kwa mwingine.

Juu ya ukubwa sitasema mengi. Anayeanza hahitaji masufuria mawili. Sufuria moja ya lita 8 hukaanga vizuri kilo moja hivi ya viazi vya Kabale au Kisoro kwa mkupuo, na mafuta machache huharibika kwa hasara ndogo. Atakayekaanga kuku au samaki aliyepakwa unga afikirie kununua sufuria ya pili baadaye, kwa sababu harufu ya samaki haitoki katika chipsi.

Kwa umbo, ziko namna mbili. Moja ina mabomba ya moto yanayopita katikati ya mafuta, na chini yake pana sehemu yenye joto dogo ambamo makombo huanguka bila kuungua. Hiyo yawafaa wenye kukaanga vitu vya unga. Ya pili ina sufuria wazi inayopata moto kwa nje, nayo ni nyepesi kusafisha. Zote ziwe na koki ya kumwagia mafuta iliyo na kizuizi, isije ikafunguliwa na mtoto au na upindo wa nguo.

Wengi hununua mashine wakasahau kuuliza itakula gesi kiasi gani. Moto wa kilowati 6 ukiwaka wazi hutumia karibu nusu kilo ya gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 13 utadumu kiasi cha saa 27, au zaidi ikiwa thamostati inapunguza moto inavyopasa. Mtungi mdogo wa kilo 6 hauifai mashine ya namna hii, kwa kuwa gesi ya majimaji hupoa inapogeuka kuwa hewa, na mtungi mdogo ukilazimishwa kutoa nyingi kwa haraka hupata ubaridi hata ukatoka jasho, moto ukadhoofika. Watu hudhani wamepunjwa gesi. Kama una shaka ya kupunjwa, upime: uzito wa mtungi mtupu umechorwa kwenye chuma chake, juu karibu na shingo.

Sasa mtungi wenyewe. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kwenda zake kama moshi; hutambaa sakafuni, huingia chini ya kitanda, huteremka katika mifereji na kutulia. Lita moja ya gesi ya majimaji ikitoka hugeuka kuwa kiasi cha lita 250 za hewa, nayo yahitaji kuwa sehemu mbili tu katika mia ili iweze kuwaka. Maana yake ni kwamba lita moja iliyovuja yatosha kukifanya chumba cha mita mbili na nusu kwa mbili na nusu kuwa bomu. Wako askari wanaoishi katika vyumba visivyozidi hapo, na wengine katika zile nyumba za bati za duara zilizobanana, ambazo moto ukishika moja, ya jirani haina muda. Kwa sababu hiyo nasema bila kusitasita kwamba mashine ya kukaangia isiwekwe ndani ya nyumba ya kulala, hata kwa siku moja ya mvua. Iwe katika kibanda chake, kilicho wazi pande mbili angalau. Kukaanga katika chumba kilichofungwa kuna hatari nyingine pia, ya ile hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo moto huitoa unapokosa hewa safi.

Mtungi ukae nje ya kibanda, kivulini, umesimama wima. Usilazwe kamwe, kwani ukilala hutoa majimaji badala ya hewa. Mpira uwe ule uliotengenezwa kwa ajili ya gesi, wenye maandishi na tarehe, umebanwa kwa klipu ncha zote mbili, usipite nyuma ya mashine penye joto. Kila unapobadili mtungi, paka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likifura, gesi inavuja. Wanaotafuta uvujaji kwa kiberiti wako wengi kuliko inavyofaa. Harufu ile mbaya hutiwa kiwandani makusudi, maana gesi yenyewe haina harufu. Ukiinusa funga mtungi, fungua milango, usiwashe wala kuzima taa, toka nje na watoto.

Nunua gesi kwa wakala anayetambulika, si kwa mtu anayehamisha gesi kutoka mtungi hadi mtungi nyuma ya duka. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi mjini Nairobi, lori la gesi lililipuka na moto ukafika hadi katika makazi. Watu walikufa, na mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilieleza kwamba kituo kile cha kujazia gesi hakikuwa na kibali.

Katika kazi ya kila siku, mambo machache ndiyo yanayoleta ajali nyingi. Mafuta yawe kati ya alama mbili zilizomo ndani ya sufuria. Yakipungua chini ya alama, mabomba ya moto hubaki wazi, na hapo moto huzuka kabla hata joto halijapanda. Mafuta ya mawese yaliyoganda kwa baridi ya asubuhi yayeyushwe kwa moto mdogo, kwa sababu hiyo hiyo. Viazi vikaushwe kwa kitambaa kabla ya kuingia. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huwa kiasi cha lita 1,700, na kwa kipimo hicho hata matone machache yaliyozama katika mafuta huyafurusha juu. Kikapu kijazwe nusu tu, kiteremshwe polepole, kikitulia povu ndipo kishushwe chote. Pasiwe na jiko lenye moto wazi, wala sufuria ya maji yanayochemka, karibu na mashine kwa sentimita 40. Mafuta yasihamishwe wala kumwagwa yakiwa ya moto. Yaachwe hadi kesho yake.

Mafuta yanayotoa povu jingi, yaliyoingia weusi, au yanayofuka moshi kabla ya nyuzi 180, yamekwisha. Hapa nitoke nje ya njia kidogo. Mwaka 2014 iliripotiwa kutoka Kenya kwamba wezi walikuwa wakiiba mafuta ya transfoma za umeme na kuyauza kwa wakaangaji wa barabarani, kwa kuwa hudumu muda mrefu bila kuharibika. Mafuta hayo ni ya mashine, si chakula, na yale ya transfoma za zamani huweza kuwa na sumu inayokaa mwilini kwa miaka. Askari wanaosoma ukurasa huu wajue kwamba mafuta yasiyochakaa, yanayouzwa kwa bei ya kutupa bila chapa kwenye dumu, yanastahili kuulizwa yalikotoka.

Tuje kwenye moto wenyewe. Mafuta yakiwaka, zima gesi ikiwa waweza kufikia kitasa bila kupitisha mkono juu ya miali. Funika sufuria kwa mfuniko wake wa chuma, ukiusukuma kutoka upande wako kwenda mbele. Usimwage maji. Usiibebe mashine kuitoa nje. Usifunue kutazama kama moto umekufa. Mafuta yenye joto hilo yakipata hewa huwaka tena. Mtungi wa kuzimia moto wa unga huweza kuuangusha mwali, lakini haupoozi mafuta, nayo mara nyingi huwaka upya. Uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya kupikia ni ule wa dawa ya majimaji wenye herufi F, ambao hugeuza uso wa mafuta kuwa kama sabuni. Ni ghali, lakini kundi la akina mama wanne wenye vibanda jirani wanaweza kuchanga wakanunua mmoja. Moto ukishinda, toka, uite zimamoto wa polisi kwa 999 au 112.

Aliyemwagikiwa na mafuta apelekwe mara moja chini ya maji ya bomba yanayotiririka, yasiyo na barafu, kwa dakika ishirini kamili. Pete na saa zivuliwe kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi isibanduliwe. Usipake dawa ya meno, wala samli, wala yai, wala asali. Daktari atalazimika kuviondoa vyote akimtesa mgonjwa. Funika jeraha kwa karatasi ya plastiki safi au kitambaa safi kisicho na manyoya, umpeleke hospitali. Hapa Kampala hospitali yenye wodi ya majeruhi wa moto ni Kiruddu, katika divisheni ya Makindye, na mtoto mdogo apelekwe hata kama jeraha linaonekana dogo.